Wimbo wa Mzee Thurlow

Jumatatu, 3 Novemba 1969. Santuri ya bendi ya mjukuu wangu Gillian imefika kutoka London. Kwenye jalada, vijana watano wasiochana nywele, wamesimama matopeni kama wapangaji waliofukuzwa. Nikajisikia fahari. Kisha nikasoma majina ya nyimbo. Wa tatu ni wimbo wa Mzee Thurlow. Mimi ndiye niliyemfundisha Gillian. Nilimwambia ni wa ukoo wetu.

Hapa kijijini kila mtu ana wimbo wake pale baa, na akiwa hai hakuna mwingine anayeuimba. Amos, mdogo wake Thurlow, aliuimba huo mara moja tu. Miaka kumi na tisa hajasalimiwa na mtu, na baa hakanyagi.

Mimi nina kiti changu pale, karibu na moto.

Jumanne, 4 Novemba. Barua ya Gillian inasema redio itaupiga Ijumaa saa tisa alasiri. Thurlow anashona viatu redio ikiimba kutwa.

Alhamisi, 6 Novemba. Nimempelekea pai ya figo. Alipokwenda kutafuta uma, nikachomoa betri za redio. Akaniuliza, "Bi Dorcas, huruma umeanza lini?" Nikamwambia ale anyamaze. Nikaondoka na betri mfukoni.

Ijumaa, 7 Novemba. Mjinga mimi. Redio yake kimya, basi akaenda kusikiliza baa. Nilifika nikihema, nikataka kuizima redio ya pale. Mwenye baa akanishika mkono: "Bibi, si mjukuu wako huyo?" Magitaa ya umeme yakanguruma, kisha sauti ya Gillian. Thurlow akavua kofia. Nikatazama sakafu, nikingoja.

Thurlow akasema binti anaimba vizuri, ila ubeti mmoja umerukwa. Aliyemfundisha ana masikio mabovu. Akanigeukia. "Ungeniomba tu, Bi Dorcas. Ningekupa wote."

Akatoka. Watu wote wakanipa mgongo.

Jumapili, 9 Novemba. Nimekwenda kumwomba radhi, nimelia kweli. Amesamehe, na atawaambia hivyo watu wa baa. Nimeapa sitarudia. Kisha, ili tusahau machungu, akaimba wimbo wa marehemu mama yake, ambao hajawahi kuutoa nje ya nyumba ile. Mzuri kuliko ule. Na Gillian anatafuta nyimbo za santuri ya pili.

Nimeshika beti mbili. Wa tatu nimeutunga mwenyewe njiani. Hatajua.