Bimdogo na Mfuniko wa Wali wa Posa

Sogeeni, enyi mliokalia mikeka na mliosimama milangoni, kutoka soko la samaki Bagamoyo hadi njia panda ya Msata! Sikieni habari za Bimdogo binti Kombo, mshika mwiko asiyetetereka, siku alipoikabili sufuria ya wali wa nazi, mfuniko wake umepaliwa makaa mekundu kama taji la sultani.

Waliokuja kumposa binti yake, Nasrin, walikuwa njiani, wameshapita Mkange, na nazi nyingine ya kupikia upya haikuwamo ndani. Ndipo shemeji yake Farhan, mwalimu wa fizikia, jemadari wa chembe asizowahi kuziona, akasimama mbele ya jiko.

"Shemeji, usifunue! Chembe isiyopimwa huwa katika hali zake zote kwa pamoja. Wali huu sasa hivi umeiva, na umeungua. Ukiutazama tu, unaulazimisha uchague. Ukiungua, wewe ndiye uliyeuunguza!"

Majeshi ya jikoni yakarudi nyuma. Mawifi watatu, mashujaa wa harusi arobaini, wakatazamana. Nani angetaka jina lake lifike Pangani kwa wali ulioungua?

Mara sauti ya jirani, Esha, ikavuka ukuta kama parapanda: "We Bimdogo! Wali wako unashika!"

Bimdogo akamgeukia mwalimu. "Shemeji, Esha yuko kwake anasuka nywele, sufuria hajaiona. Kajuaje?"

"Kwa... harufu."

"Wali umeshajitangaza mtaa mzima, wewe unaniambia unaningoja mimi?"

Farhan akainama kama ngome iliyosalimu amri. "Kweli, shemeji. Hali mbili hudumu kwa kitu kilichotengwa na kila kitu. Hewa na joto vikikigusa, siri inavuja, na jambo limekwisha kabla ya jicho kutazama. Na sufuria hii inavuja mvuke tangu ibandikwe."

"Basi nipishe."

Akayapangua makaa, akaushika mfuniko kwa upindo wa kanga, akafunua! Chini, ukoko mweusi. Juu, wali mweupe, punje moja moja. Angechelewa dakika tano, wote ungenuka moshi. Akaupakua wa juu, chini hakugusa. Wageni wakala, posa ikapokewa.

Na iandikwe, vizazi visome: Ijumaa ile, baada ya sala, Bimdogo alifunua sufuria. Mawifi wakapiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Ukoko akapewa Farhan, akautafuna macho ameyafumba, na bado ulikuwa umeungua.