Safari ya Saigon na Nuksi ya Langoni

Jumatatu, 11 Machi

Ngan kapiga simu kutoka Saigon. Daktari kamwambia atajifungua Jumapili. Akasema mama njoo, lakini ukae siku tano tu baada ya uzazi, maana Ijumaa ya wiki ijayo anaingia mama mkwe wake na chumba chenyewe kimoja. Siku tano! Mimi niliyemzaa napimiwa siku kama dawa ya kikohozi! Nikasema sawa mwanangu. Nikalia kidogo jikoni.

Nina miaka hamsini na nne na Saigon sijaiona kamwe, na ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Jirani yangu Bi Thoa kaenda mara mbili. Hakuna harusi wala msiba ambapo hatukumbushi.

Mimi Saigon yao siitaki. Nataka jambo moja tu: Ngan akishikwa na uchungu, akiita mama, niitike.

Jumanne, 12 Machi

Mume wangu anasema basi linaondoka kila siku, panda tu. Wanaume! Nimeshusha kalenda ukutani, nikasoma tarehe za mwezi mwandamo. Kesho sitakuwa tayari. Alhamisi ni mwezi tano, haifai kwa lolote. Jumamosi ni mwezi saba, na asiyejua kwamba siku ya saba mtu hatoki kwake huyo kalelewa na bata. Jumapili nitakuwa nimechelewa. Kwa hiyo ni Ijumaa, mwezi sita.

Sasa lango. Mtu wa kwanza kukutana naye ukitoka ndiye safari yako. Akiwa mwanamke, safari imeoza. Na Bi Thoa kila alfajiri yuko barabarani na fagio lake! Nimepanga. Mzee Phuoc, mwenye watoto saba wazima na minazi isiyojua ukame, atapita langoni kwangu saa kumi na moja kamili. Nimempa mayai ishirini ya bata, ya chumvi. Kasema angepita hata bure, lakini mayai kayachukua.

Mume wangu kauliza, kwani yeye si mwanaume? Nikamjibu bahati yake naijua, nimeishi nayo miaka thelathini.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeonewa!

Saa kumi na moja kamili. Kuku kikapuni, nguo mpya ya maua mwilini. Nafungua lango. Bi Thoa! Hana hata fagio, kakumbatia chungu. Nikalifunga lango usoni pake. Namsikia, "We Mama Ngan, umeona jini?" Nikarudi ndani, nikakaa, nikanywa chai, maana ndivyo nuksi inavyooshwa. Nikatokea nyuma, njia ya mfereji. Mzee Phuoc huyo anakuja! Lakini mbele yake mkewe, kashika tochi, kwa sababu macho ya mzee gizani hayaoni. Si angesema! Mayai ishirini! Nikarudi ndani. Chai ya pili. Basi likapiga honi njia panda, likapiga tena, likaenda zake.

Mume wangu kasema hajapata kuona mtu kuachwa na basi kwa ajili ya chai.

Mchana Bi Thoa kabisha hodi. Kumbe chunguni mna nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa pilipili manga, chakula cha mzazi, alitaka nimpelekee Ngan. Nikamwambia nyama iliyonikosesha basi siipandishi basi. Akasema basi kesho ataipeleka mwenyewe. Kesho, mwezi saba! Nikamwonya. Akacheka, "Shoga, mwezi hauniulizi mie naenda wapi."

Haya. Yatamkuta.

Jumamosi, 16 Machi

Yamenikuta mimi.

Uchungu umemshika Ngan saa nne asubuhi, siku moja kabla. Mumewe yuko kiwandani. Na nani kaingia chumbani dakika hiyohiyo na chungu chake? Kamshika mkono mpaka hospitali, hakumwachia. Mtoto wa kike, kilo tatu. Ngan kanipigia analia na kucheka. Kasema aliita mama, Bi Thoa akaitika kwa niaba yangu.

Kwa niaba yangu! Nani kamtuma? Nimelia mpaka kuku kageuza shingo kuniangalia. Sasa naelewa. Jana alikuja kutua nuksi yake langoni kwangu, leo akasafiri mwepesi!

Jumapili, 17 Machi

Nimefika, mimi na kuku wangu. Nilijishushia kofia ya majani mpaka kidevuni, mume wangu akaniongoza kwa mkono kama nyati wa kulimia mpaka njia panda. Usiyemwona hujakutana naye. Nimepoteza kandambili moja mferejini, lakini safari ilikuwa safi.

Bi Thoa alikuwa kitandani anamlisha Ngan. Akainuka, akaniwekea mtoto mikononi. Kichwa chake kina joto kama mkate. Nilikuwa nataka kumshukuru, ndipo akasema, "Nyama nimekubakizia."

Jumatano, 20 Machi

Bi Thoa karudi kijijini. Ngan kaniuliza kwa upole, na upole wake ndio mbaya. "Mama, kama mwanamke ni nuksi, mie je? Na huyu? Tumfungie ndani asikutane na wasafiri?"

Nikasema huyu ni tofauti, huyu ni wangu.

"Hata mama yake Bi Thoa alisema hivyohivyo."

Nimefua nepi zote, hata zilizo safi. Jioni nikamwahidi: upuuzi huo nimeuacha. Nikampigia Bi Thoa simu, nikamwambia asante. Ilitoka kwa shida, lakini ilitoka.

Ijumaa, 22 Machi

Ngan kanikatia tikiti ya leo. Mwezi kumi na tatu, siku ambayo mtu harudi kwake! Nikaipokea. Mimi ni mtu mpya. Nikambusu mtoto, nikabeba mfuko, nikafungua mlango wa uchochoroni.

Mama mkwe wake Ngan! Anaingia, na kuku wake kwapani. Mwanamke, hatua ya kwanza kabisa!

Nimerudi ndani. Nimekaa. Nimeomba chai.

Sasa tuko wanawake watatu, mtoto na kuku wawili, kitanda kimoja, na mkwe wangu kalala kwenye pikipiki yake. Kesho ni mwezi kumi na nne, haifai. Jumapili ni mwezi mpevu, siku ya kuwatolea wahenga sadaka madhabahuni. Jumatatu inawezekana. Ngan kaniuliza, na ahadi ya Jumatano? Nikamwambia naikumbuka neno kwa neno, na ndiyo maana sikumfungia mama mkwe wake mlango usoni.

Kisha nikamtuma mkwe wangu aniulizie hapa uchochoroni mwanaume mwenye watoto wengi, asiyetembea na mkewe. Macho yake ayapime kwanza. Mayai yapo.