Meza ya Watu Wawili

Jumapili, 15 Juni 2025

Jana ilikuwa siku yetu ya mtoko. Mimi na Agatha, kwenye mgahawa wa Mama Filomena hapa Magomeni ya Kilosa, saa kumi jioni, kuku wa kienyeji na ugali. Miaka ishirini na mitatu hatujakosa Jumamosi, isipokuwa mwezi Machi nilipougua kifua. Meza ya watu wawili. Tulikula watu saba!

Kosa si la mtu. Nimefundisha darasa la tatu Kilosa miaka thelathini na minne. Agatha alikuwa mkunga. Ambaye sikumfundisha kuandika, mke wangu alimpokea duniani. Kila apitaye anatoa shikamoo, nasi tunaitikia marahaba, karibu chakula. Kwingine mtu husema asante, nimeshiba. Hapa anavuta kiti. Wa kwanza kuvuta ni jirani yangu Lupakisyo, na paja la kuku huwa lake.

Nami nina neno moja tu la kumwambia mke wangu. Asante. Siku kumi na tisa alinigeuza kitandani, alininywesha uji wa ulezi kwa kijiko, alilala kitini. Nyumbani nilijaribu kulisema. Aliniambia ninyanyue miguu, anafagia. Basi nataka kulisema mezani, tukiwa wawili, kabla ugonjwa mwingine haujanikuta.

Jumanne, 17 Juni

Mpango! Jumamosi tunakwenda Mikumi. Huko hatujulikani. Tatizo ni Lupakisyo. Akisikia Mikumi atavaa viatu. Lazima nitaje safari asiyoweza kuitamani. Nimewaza mchana kutwa. Jioni nikamnong'oneza kwamba mjomba wa Agatha amefariki huko Lumuma. Agatha hana mjomba, kwa hiyo sijamuua mtu. Lupakisyo alinishika bega, akaondoka.

Akili ninazo.

Jumatano, 18 Juni

Sina akili. Nani duniani anatangaza msiba ili watu wasije?

Saa kumi na mbili asubuhi uani kulikuwa na watu ishirini na sita. Lupakisyo kavaa suti, kabeba debe la mahindi, na kashatafuta gari la kutupeleka sote Lumuma. Kwaya ilikwishaanza kuimba. Nilijificha chooni.

Ajabu ni Agatha. Hakushtuka. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa motoni tangu alfajiri, sijui nani alimwambia. Aliwaeleza wageni kwamba hakuna aliyekufa, ni mwalimu na mipango yake, karibuni chai. Walicheka mpaka saa nne. Lupakisyo hakucheka. Alisema usiku alimlilia yule mjomba. Hapo niliona haya kweli, nikampa pole. Alirudi kwake na debe lake na maandazi yetu sita.

Ijumaa, 20 Juni

Lupakisyo amenuna. Hata hajauliza kesho tunakwenda wapi. Kumbe mpango ulifaulu!

Agatha amepiga pasi gauni la kijani, akauliza kama Mikumi kuna baridi jioni. Sikumbuki kumtajia Mikumi. Uzee huu.

Jumamosi, 21 Juni

Mikumi! Mgahawa kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yanapita, nyani wamekaa juu ya uzio. Tangu kituoni hakuna aliyetusalimia. Nilisikia raha mpaka nikaogopa. Nikasafisha koo. Nikasema, Agatha.

Mhudumu aliyeleta maji ya kunawa akanitazama, akapiga kelele, shikamoo mwalimu! Goodluck, darasa la tatu B, mwaka 2006, yule aliyekula chaki. Akamgeukia Agatha, akasema mama yake humtaja mpaka leo. Akamwita mpishi, naye ni wa Kidete, huku kwetu Kilosa. Mpishi akamwita dereva wa lori. Dakika kumi, watu wanane. Na nani aliyewaambia karibuni? Mimi!

Liwalo na liwe. Nikasimama. Nikasema ndugu zangu, nina neno kwa mke wangu. Mwalimu mzima, neno moja, limekwama!

Agatha akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya ndoa. Akawaambia mwalimu anasema asante, kwa ajili ya Machi. Akasema ameipokea tangu Aprili, maana daftari langu hili hukaa chini ya mto, na anayetandika kitanda ni yeye. Akasema ule ukurasa wa asante huwa anaurudia.

Walipiga makofi. Nililia, sifichi. Dereva alikula paja, mimi nikapata shingo. Sijawahi kula kuku mtamu namna ile.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani nimemshukuru Mungu kwa majina. Agatha. Goodluck. Hata Lupakisyo, ambaye leo amenisalimia. Mtu aliyezungukwa na watu hivi analalamika nini?

Ila nimehesabu. Ile asante aliisema yeye, si mimi. Kwa hiyo Jumamosi ijayo, kwa Mama Filomena, lazima tuwe wawili. Nitatangaza kwamba tuna macho mekundu, yanaambukiza. Nani atavuta kiti? Agatha asijue mapema. Na daftari haliwekwi tena chini ya mto. Nimepata mahali asipofika kabisa: ndani ya ndoo ya unga.

Saa moja jioni. Nimelitoa mara moja niongeze hili. Agatha ametoka jikoni kusonga ugali, mikono myeupe, akaniuliza kama macho yananiwasha.

Sijui nani humwambia.