Karatasi ya Namba za Sigara

Jumatatu, 3 Machi
Nani kama mimi? Shule arobaini nimezizunguka kuuliza watoto kama wanavuta sigara. Vumbi nimelila mimi. Leo bosi anasema wenzetu wa nchi nyingine wapewe majibu yote, na atakayesafiri kuyaeleza ni jirani yangu wa meza, Tabasamu. Tabasamu! Hata shule moja hakufika. Wivu ninao, sikatai.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Kwenye faili majibu yote ni namba tupu. Karatasi moja tu ndiyo inayosema kila namba ina maana gani. Faili nimempa. Karatasi nimekwenda nayo nyumbani. Atakuja kunipigia magoti!

Jumatano, 5 Machi
Hajapiga magoti. Anapiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Lahaula! Kumbe maswali ni yaleyale nchi zote, na namba ni zilezile. Tabasamu kawaandikia wenzetu wa ng'ambo, wakamtumia karatasi kabla ya saa nne. Bosi kamsifu mbele ya watu. Halafu kanigeukia: kesho nchi sita zitatusikiliza kwa video, nieleze mimi, nikifanya vizuri, nasafiri pia. Nimekimbia nyumbani. Karatasi haipo! Mama watoto anaapa hajaiona. Nimwombe Tabasamu? Bora nimeze wembe.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikisia. Swali: mwezi uliopita ulivuta siku ngapi? Karibu wote wana namba moja. Basi ni siku moja, nani asiyejua? Nikatangaza kwa sauti nzito kwamba kati ya watoto kumi, tisa wamevuta. Mmoja akauliza kama zile ni shule au viwanda vya sigara. Tabasamu akaomba ruhusa, akasema namba moja ni jibu la kwanza: hakuvuta kabisa. Alisema kwa upole! Hapo ndipo aliponiua.

Jumamosi, 8 Machi
Karatasi imeonekana. Binti yangu kaifanya jalada la daftari lake la hesabu. Mama yake kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatatu, 10 Machi
Tabasamu kaondoka. Sanduku jipya, la magurudumu! Bosi kaniachia faili la awamu mpya ya utafiti, nimkabidhi Tabasamu akirudi. Thubutu! Nimelifunga kwa neno la siri la herufi ishirini. Mara hii hakuna karatasi ya kupotea. Neno nimeliweka kichwani.