Ubao wa Ndimu na Sukari Guru

Jumatatu, 4 Mei 2026
Nimeamua kuandika mambo yangu mwenyewe, maana wengine watayaharibu. Mimi Yeslam, seremala, hakuna wa kunipata Mji wa Kale! Roshani ya Bi Afaf imeliwa na mchwa. Roshani hiyo aliichonga marehemu baba yangu, na maua yake yote. Nani wa kuijenga upya kama si mimi? Lakini Bi Afaf hataki dawa za sumu, ana wajukuu wanaotafuna kila kitu. Kasema kila fundi alete ubao uliotiwa dawa isiyodhuru, ukae darini kwake mvuani hadi Jumapili. Kila fundi! Yaani mimi na Ngowa wa Tudor. Ngowa ambaye kupiga randa nilimfunza mimi. Au ningemfunza, lau angekuja.

Jumanne, 5 Mei
Mjukuu wangu Areej asoma mambo ya mbao chuoni. Kanieleza: maji ya ndimu na sukari, ubao unywe mpaka ushibe, kisha uokwe kwa moto mdogo siku nzima, sukari ishikane na mti isitoke tena. Siku nzima ndiyo dawa yenyewe, babu, akasema. Mara tatu! Adhani mimi kiziwi. Nimetia sukari guru, ina nguvu. Na iliki. Areej hakutaja iliki. Msomi naye hajui yote.

Jumatano, 6 Mei
Abdulbasit mwoka mikate kaniazima tanuri. Baada ya saa moja ubao wang'aa, wanukia mtaa mzima. Nikautoa. Abdulbasit akauliza, siku nzima imekwisha? Nikamwambia aangalie mikate yake. Ubao wanata mikononi. Dalili ya nguvu.

Alhamisi, 7 Mei
Mbao ziko darini. Wa Ngowa mkavu, umepauka, masikini. Nikampa pole. Akajibu, ahsante mzee, naona nyuki wako wameshafika. Walikuwa wawili tu. Nyuki hawendi penye ubovu.

Jumamosi, 9 Mei
Mvua kubwa tangu alfajiri. Bi Afaf kaniita mbio. Sukari yote imeteremka ngazini! Sisimizi wamepiga mstari kutoka darini hadi jikoni. Mjukuu wake mdogo kaukumbatia ubao, aulamba. Bi Afaf akasema, ami Yeslam, nilitaka dawa isiyodhuru, sikuagiza halua. Nikamwonyesha kuwa mtoto hakudhurika. Hakucheka.

Jumapili, 10 Mei
Kazi kapewa Ngowa. Nilikaa barazani nikiyatazama maua ya baba kule juu roshanini. Areej kakiri: Ngowa naye alimwuliza, akampa maneno yale yale, yeye akaoka siku nzima. Huo si ufundi, ni utiifu!

Alasiri Ngowa akaja, akavua viatu mlangoni. Akasema, mzee, mbao nitazioka mimi, lakini maua ya baba yako mkono wangu hauyawezi, njoo uyachonge wewe. Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri mpaka akamaliza kahawa yake. Kesho naanza.

Kwa hiyo nimeshinda. Mbao zake si mbaya, ila zimekauka mno, zahitaji mtu anayejua. Saa saba yeye huenda kula. Nitazipaka samli. Kidogo tu, na asali.