Kikwaruzio cha Jibini Kwenye Geti la Bibi Kuna

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Mkoa ya Kukagua Kumbi za Vijiji, Bi Zlatina, uliyetujia kwa barabara yetu ambayo mwaka ujao, kama ilivyokuwa mwaka juzi, itawekwa lami, waheshimiwa wajumbe wa Tume, akiwemo yule anayesinzia, Baba Padri, mabibi wa kwaya, wazee wa baa mliojinyima saa nzima kwa ajili ya utamaduni, shemeji yangu Kuna, marehemu mstaafu (vicheko), na wananchi wote wa kijiji chetu cha Dolna Slivka, mkiwemo mliosimama kwa sababu ya viti vilivyovunjika, ambavyo navyo vimo katika mpango kazi: itifaki imezingatiwa, na kama haikuzingatiwa, basi imeonekana kwa mbali.

Ndugu zangu, mimi Tsonyo, Meya wenu, nasimama hapa kifua mbele kwa kuwa picha zote mnazoziona ukutani nimezipiga mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu, kwa jicho hili la kushoto ambalo daktari alilikatia tamaa, kwa kamera ya kisasa yenye uwezo wa kuona hata visivyoonekana! (Makofi ya Padri peke yake. Sauti ya Kuna: "Wee Tsonyo, juzi umejipiga picha kidole gumba!")

Naam, naomba kurekebisha kumbukumbu za kikao. Sikuzipiga mimi. Zilipigwa chini ya usimamizi wangu, jambo ambalo kiserikali ni zito zaidi, maana anayepiga hupiga mara moja akaenda zake, lakini anayesimamia husimama mpaka miguu ikavimba. Zilipigwa na vijana waliojengewa uwezo katika Kituo chetu cha Majaribio ya Picha Dhahania za Vitu vya Kila Siku. (Mzee mmoja wa baa: "Vijana gani? Kijana hapa ni mimi, na nina miaka sitini na nane!" Vicheko. Tone la maji linaanguka kutoka darini: to! ndani ya sufuria jukwaani.)

Sufuria hiyo ni sehemu ya maonyesho, msiiguse.

Sasa, picha dhahania ni nini? Wasomi wanasema mengi, mimi niliyeishia darasa la saba nasema hivi: ni pale unapokisogelea kitu cha nyumbani mpaka usikitambue tena, kama mwenye ndoa ya miaka arobaini. Chukua kikwaruzio cha jibini, kile kibati chenye meno. Ukikitazama kwa mbali ni kibati. Kisogelee, kisogelee tena, mara unaona mashimo ya mwezini, unaona mji usiku, unaona roho ya mwanadamu inavyokwaruzwa na maisha! (Bibi mmoja wa kwaya anafuta machozi. Mwenzake: "Unalia nini, ni kibati!" "Nalia kwa sababu changu kimepotea.") Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya nikiwa nimekaa, uelewa wa dhahania hapa kijijini umepanda kutoka sifuri hadi asilimia mia moja na nne, hiyo nne ikiwa ni wageni.

Msidhani nazungusha maneno kwa kuwa nayapenda. Nayapenda, lakini kuna jambo. Tume hii ikiridhika kwamba ukumbi wetu una shughuli ya utamaduni, tunapata paa jipya kabla ya theluji. Isiporidhika, inaondoka na ufunguo, na mabibi wa kwaya wataimba kwenye kituo cha basi, ambako basi lenyewe halifiki. (To!)

Kwa hiyo niruhusuni nieleze mafanikio ya uhamasishaji. Niliagiza picha zibandikwe mahali ambapo kila mwananchi husoma, na tuambiane ukweli, wananchi wangu husoma kitu kimoja tu: karatasi za misiba zinazobandikwa magetini, sura ya marehemu juu, jina lake chini, na mwaka. Basi tukabandika hapo hapo. Picha nyeusi na nyeupe juu, jina la mwenye kifaa chini, na mwaka kilipotengenezwa. Kikwaruzio cha shemeji kikapata geti la shemeji: KUNA, 1951.

(Vicheko vinaanza nyuma ya ukumbi.) Mnacheka leo! Siku ile mlikuja wenyewe na ngano ya kuchemsha, ile ya kumwombea marehemu, mkasimama mbele ya picha ya kikwaruzio mmevua kofia, na wewe Ganyo wa baa ukasema kwa sauti ya huzuni, "Maskini, ugonjwa umemla uso huyu mama." (Ganyo: "Si ulikuwa na mashimo!") Shemeji akatoka na ndoo ya maji machafu, akauliza, "Nani kafa?" Mkamjibu wote kwa pamoja, "Wewe!" Naye, badala ya kushukuru, akatumwagia.

(Kuna anasimama: "Mwanangu Delcho alipanda ndege kutoka Uhispania na suti nyeusi! Kanikuta namenya vitunguu!" Sauti kutoka nyuma: "Kwani hukufurahi kumwona, Bibi Kuna?" "Nilifurahi. Nilimpiga kwanza, kisha nikafurahi.")

Mnaona, waheshimiwa? Miaka sita hakuja hata kwa Pasaka, picha dhahania moja ikamleta. Na ndugu wa mjini Sofia wakaja, na wa mjini Plovdiv wakaja, na kwa kuwa tayari mlikuwa na chakula cha msiba na hamkuwa na maiti, mkahamia humu ukumbini mkaimba mpaka jogoo akaomba mapumziko. Ni ushirikishwaji wa wadau ambao haujawahi...

(Bi Zlatina anainua mkono: "Bwana Meya, samahani. Ningependa kuiona hiyo kamera.")

Swali zuri sana. Kamera, mheshimiwa, iko katika mchakato.

("Mchakato uko chumba gani?" To! Safari hii tone linamwangukia Bi Zlatina utosini. Anatazama juu. Ukumbi wote unatazama juu.)

Basi nihitimishe. Dhahania! ("Oyee!") Vitu vya kila siku! ("Oyee!") Vumbi juu! ("Chini!" "Hapana, liko juu, tazama!") Namshukuru yule aliyebuni mashine ya fotokopi ya ofisi yangu, kwani ndiyo tuliyoilalishia kikwaruzio kifudifudi. Nawashukuru vijana wetu, ambao wako Uhispania. Nakishukuru Kituo, ambacho ni mimi, shemeji aliyenipa vyombo vyake, na sufuria hii. Kamera sikuwahi kuwa nayo. Mradi haukuwahi kuwepo, mheshimiwa, ila nyimbo ulizosimuliwa ziliimbwa kweli, na mabibi hawa ni wa kweli, na baridi inayokuja ni ya kweli.

(Bi Zlatina anajifuta nywele, anacheka mpaka mjumbe wake anaamka: "Kamera sikuiona, Bwana Meya, na kituo sikukiona, na hivyo ndivyo nitakavyoandika. Lakini paa linavuja na ukumbi umejaa. Hayo nimeyaona, na moja limenilowesha. Paa mtapata." Vifijo. Kwaya inaanza kuimba, haiambiwi inyamaze.)

Ngojeni, sijashuka! Shemeji, usijifiche nyuma ya Padri. Siku ya msiba wako nililia getini kuliko mwanao, nikamwaga chini chupa nzima ya rakia, pombe yetu kali ya plamu, kwa ajili ya roho yako, roho ambayo bado unayo. Rakia hairudi, nimesamehe. Lakini lile tanuri langu la kuchomea pilipili hoho, ulilochukua ati ukalipigie picha, limekuwa likitoa moshi uani kwako wiki nzima, na pilipili zangu zinasinyaa magunia mawili barazani. Nirudishie, tafadhali.

Na kifuniko chake.