Gari Lililonyweshwa Maji

Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kutibu hata kuku. Kazi yake ilikuwa kununua magari mabovu kwa bei ya kutupa. Pale mabovu yalipoadimika, aliyabovusha mwenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza mtaa wa watu wenye mageti, viatu vinang'aa, tumbo tupu, alipoona gari jeupe limeegeshwa nje ya ukuta. Kwenye kioo kulikuwa na kipande cha boksi: LINAUZWA. Akalizunguka taratibu. Matairi mapya. Viti bado vimevaa nailoni. Moyo ukamwenda mbio kama wa bwana harusi.

Akabisha hodi. Akatoka mwanamke wa makamo, mpole, funguo zikining'inia kidoleni.

"Ni la kaka yangu," alisema. "Yuko safarini, kaniachia nimuuzie."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya haki, na bei ya haki ilimuuma Daktari kama jino bovu.

"Sawa, dada. Ila kabla hatujalijaribu, nisaidie maji ya kunywa. Jua hili!"

Mwanamke alipoingia ndani kumchotea, Daktari naye akalinywesha gari. Akafungua mfuniko wa tangi, akatoa chupa kwenye mkoba, akamimina maji yote yaliyokuwamo, na mafuta ya taa kidogo ya kusindikizia. Bilauri ilipofika, alikuwa amesimama pembeni akijipepea kwa kofia, amani tupu usoni.

Wakaliwasha, wakazunguka mtaa mmoja. Mtaa wa pili gari likaanza kukohoa, likatetemeka, likazima. Vijana waliokuwa wakipita wakasaidia kulisukuma hadi getini.

Daktari akafungua boneti kwa uso wa msiba. "Nitafutie kitambaa, dada."

Alipokuwa peke yake akachomoa plagi na kuzificha mkobani. Mfukoni mwake zilikuwamo nyingine nne, kuukuu, nyeusi kwa masizi, ambazo alitembea nazo kama karani anavyotembea na kalamu. Mwanamke aliporudi, akamwonyesha hizo.

"Unaona? Hii si plagi tena, ni kipande cha mkaa. Injini inakula oili. Hapa hamna gari, dada yangu, kuna maiti yenye matairi."

"Maskini mimi! Nitamwambia nini kaka?"

"Mwambie alipatikana msamaria. Nitalichukua hivyo hivyo, kwa vyuma chakavu." Akataja bei yake, sauti ikiwa ya chini, kama mtu anayetoa sadaka.

Mwanamke akalia, akapangusa macho kwa kile kitambaa cha injini, akabaki na masharubu ya grisi. Kisha akakubali haraka kuliko Daktari alivyotarajia. "Ila ulete taslimu, na iwe leo, kabla ya alasiri. Nikilala na wazo hili nitaghairi."

Taslimu Daktari hakuwa nayo. Mama mkwe wake alikuwa nayo, ya kununulia mabati. Akamkimbilia, akamwapia kwamba kabla ya wiki kwisha angemrudishia mara mbili. Mama mkwe alimtazama kama anavyotazamwa paka aliyekaa karibu na samaki, lakini binti yake alimwombea mumewe, fedha zikatoka.

Mwanamke alizipokea kwa mikono miwili, akamwachia funguo. "Karatasi za gari ziko kwa wakili, si mbali. Nisubiri nikuletee." Akapanda pikipiki, begi kubwa mapajani. Daktari aliliona lile begi. Lakini alikuwa na haraka ya kutajirika, hakuliuliza.

Akavua koti, akabandua kile kipande cha boksi kiooni, akaanza kazi. Akamwaga mafuta yote ya tangi kwenye ndoo, akapuliza mipira ya mafuta kwa mdomo hadi akatema petroli. Akazitoa plagi halisi mkobani, akazisugua kwa msasa, akazikausha, akazirudisha. Akatia petroli safi aliyoinunua njiani, akawasha. Injini ikaitika mara moja, laini kama cherehani. Daktari akacheka peke yake.

"We bwana! Unafanya nini na gari langu?"

Mzee mnene alikuwa akishuka kwenye teksi na sanduku lake.

Daktari akaona njia mbili. Ya kwanza ilipita polisi. Akachagua ya pili.

"Fundi, mzee. Niliitwa. Mafuta yaliingia maji, plagi zikachafuka."

Mzee akainamia ndoo, akanusa. "Maji kweli! Petroli za siku hizi! Nani kakuita?"

"Dada... dada wa humu ndani."

"Ah, mpangaji wangu wa chumba cha uani, niliyemwachia funguo. Anahama leo, aliniaga kwa simu." Macho ya mzee yakalainika. "Kumbe kabla ya kuondoka kanitengenezea na gari! Binadamu wa namna hii wamebaki wachache. Amekulipa?"

Daktari akameza mate yenye ladha ya petroli. Alitaka kusema hapana. Lakini fundi asiyelipwa huulizwa bei, jina na mahali anakopatikana.

"Tumemalizana, mzee."

"Safi. Basi kwa kuwa umeshalipwa, niangalizie na breki za nyuma, zinalia."

Daktari akakunja mikono ya shati. Akajilaza mavumbini, akaingia uvunguni. Mzee akaleta kiti, akaketi karibu kabisa na miguu yake, maana mafundi wa siku hizi, alisema, ukiwapa kisogo tu wanakuibia.